Kasri Limetoka Chini ya Mizabibu: Kwa Baiskeli Kutoka Tours Hadi Saumur

Ukitoka Tours kwa baiskeli kuelekea magharibi, mji unakuachia mapema. Njia inashika ukingo wa mto Cher, majengo yanapungua, halafu unabaki na miti mirefu ya popla, bustani za mboga na wavuvi waliokaa kwenye viti vya kukunja. Ukikaribia Savonnières unaanza kuisikia cheni yako ikizunguka. Hicho ndicho kipimo changu cha barabara nzuri: nikiisikia cheni, najua niko mahali panapofaa.

Kipande ninachotaka kukieleza ni hicho cha Tours hadi Saumur, kama kilomita mia moja ukipitia Chinon. Ni sehemu ya La Loire à Vélo, njia ya baiskeli ya kilomita 900 hivi inayoufuata mto Loire kuanzia Cuffy, karibu na Nevers, mpaka Saint-Brevin-les-Pins, mto unakoingia katika bahari ya Atlantiki. Nayo ni sehemu ya njia ndefu zaidi, EuroVelo 6, inayoikata Ulaya mpaka Bahari Nyeusi. Mwenye miguu yenye nguvu anaweza kunyonga kutoka Tours akalala Saumur siku hiyohiyo. Simshauri. Naishi Tours tangu nilipokuja kusoma, nimeipita njia hii majira mbalimbali, na kila ninavyopunguza mwendo ndivyo inavyozidi kunifungukia.

Ukiipita kwa basi la watalii kuna jambo moja hutaliona. Basi linakushusha kwenye geti la kasri, unapiga picha, linakupeleka kwenye ghala la mvinyo, unaonja, linakurudisha hotelini. Unaondoka ukiamini kwamba kasri ni habari moja na shamba la mizabibu ni habari nyingine. Baiskeli inakupitisha chini kabisa ya jabali, karibu kiasi cha kugusa ukuta wake kwa mkono, na hapo ndipo inapokujia kwamba vyote vimetoka mahali pamoja. Jiwe lililojenga kasri lilichimbwa chini ya shamba, na shimo lililobaki ndilo linalotunza mvinyo wa shamba hilohilo.

Jiwe lenyewe linaitwa tufo. Ni jiwe la chokaa, jepesi, jeupe linaloelekea rangi ya krimu, na ukilipapasa linakuachia unga kwenye vidole. Lilijengeka chini ya bahari ya kina kifupi takriban miaka milioni 90 iliyopita, na wanajiolojia wamekipa kipindi hicho jina la Turoni, kutokana na watu wa kale wa eneo hili la Tours. Aliyekulia kati ya nyumba za mawe za Lamu au Unguja hatashangaa sana: kule nako bahari ya zamani ndiyo iliyowapa mafundi mawe ya kujengea. Tofauti ni kwamba tufo likiwa bichi, limetoka tu ardhini na unyevu wake, linakatwa kwa msumeno wa mkono. Ndiyo maana makasri ya hapa yana nakshi nyingi kiasi kile, maua na majani yaliyochongwa mpaka juu kwenye madohani. Mawe yalipakiwa kwenye mashua za chini bapa, yakateremshwa kwa mto hadi yalikohitajika. Mto ndio uliokuwa barabara.

Villandry ndilo kasri la kwanza njiani, na wengi husimama kwa ajili ya bustani. Nami husimama, ila huelekea moja kwa moja kwenye bustani ya mboga. Ni miraba tisa iliyo sawa kwa ukubwa, kila mmoja na mchoro wake, na ndani yake hakuna maua ya fahari ila kabeji za zambarau, liki, bitiruti, maboga, vyote vimepangwa kwa rangi. Hupandwa mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, na mazao hubadilishana miraba ili udongo usichoke. Ukisimama juu kwenye baraza ya kasri utadhani ni zulia. Ukishuka unaona mtunza bustani amepiga magoti anang'oa magugu kama mtu yeyote shambani kwake. Bustani hizi si za zamani kama zinavyoonekana. Daktari mmoja Mhispania, Joachim Carvallo, na mkewe Mmarekani, Ann Coleman, walilinunua kasri mwaka 1906 likiwa limezungukwa na bustani ya mtindo wa Kiingereza. Wakaifumua, wakarudisha mpango wa karne ya 16. Waliyoyafanya nayaheshimu kuliko hata ya yule aliyejenga, maana mjenzi alikuwa waziri wa fedha wa mfalme, na wao walitumia vya kwao.

Baada ya Villandry unaukuta Loire wenyewe, na barabara inapanda juu ya tuta. Matuta haya yalianza kujengwa Enzi za Kati ili mto usiingie mashambani, yakainuliwa na kurefushwa karne kwa karne, na bado mto uliyavunja. Mafuriko ya 1846, 1856 na 1866 yameachwa alama kwenye kuta za nyumba nyingi: mstari uliochongwa, na mwaka pembeni. Ukisimama na baiskeli yako chini ya mstari kama huo ukaona uko juu ya kichwa chako, unaelewa kwa nini nyumba za hapa zina ngazi ndefu na kwa nini vijiji vimejibana penye mwinuko. Loire ni mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita elfu, na kiangazi unatandaza mafungu ya mchanga katikati ambayo membe huyatumia kutaga. Wakati wa mayai na makinda mtu haruhusiwi kukanyaga huko. Kutoka juu ya tuta unawaona vizuri wakijirusha majini na kuibuka na samaki, wala huhitaji kuwakaribia.

Hapo juu kuna upepo. Kwa kawaida unatoka magharibi, yaani baharini, kwa hiyo anayefuata mkondo wa mto anaukuta usoni. Wapo wanaochagua kupanda treni kwanza na kurudi wakisukumwa. Mimi nautaka usoni. Unanilazimisha niende taratibu.

Watu wa nyumbani wakiona picha za barabara hizi huniuliza magari yamekwenda wapi. Yamepewa njia yao. Barabara ya kulipia ya A85, kati ya Angers, Tours na Vierzon, ilikamilika mwaka 2007, na malori yaliyokuwa yakipenya vijijini yakahamia huko. Zilizobaki ni barabara za wilaya zenye herufi D, na chini ya hizo zile za vijiji, zinazotunzwa na halmashauri ya kijiji chenyewe. Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara na sehemu kubwa ni hizi ndogo, zenye lami lakini hazina hata mstari katikati. Nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Zilijengwa ili mkulima afike shambani na gari la maziwa lifike zizini. Waliopanga La Loire à Vélo walifanya jambo la busara: badala ya kujenga kila kitu upya, kwa sehemu kubwa walichagua barabara zilizokuwapo tayari, wakaweka vibao, wakajaza mapengo. Sheria nayo inasaidia. Dereva anayempita mwendesha baiskeli nje ya mji lazima amwachie mita moja na nusu, ndani ya mji mita moja. Wengi wanaifuata, na anayekukuta kwenye kona hukaa nyuma yako akasubiri bila kupiga honi.

Lakini ukimya huu una upande usionifurahisha. Vijiji vingine vimenyamaza kwa sababu watu wameondoka. Unapita mahali penye kanisa kubwa, shule iliyofungwa, na duka la mikate lililogeuzwa nyumba ya mapumziko. Mkate unatoka kwenye mashine iliyowekwa kando ya barabara, unatumbukiza sarafu unapewa kipande kirefu. Karibu kila kijiji kina mnara wa waliokufa vita vya 1914–1918, na mara nyingine ukisoma majina yale unajiuliza kama leo hapo wapo vijana wa idadi hiyo. Naipenda barabara tupu, nami siwezi kuisifu bila kulisema hilo.

Maji nayachota makaburini. Makaburi ya vijijini kwa kawaida yana bomba la kumwagilia maua, na kama hapana kibao kinachokataza kunywa, unajaza chupa zako na kuwasalimu waliolala. Chakula nunua mapema. Maduka ya vijijini hufunga saa sita mchana na wengi hawafungui kabla ya saa nane, Jumatatu hata hivyo usitarajie sana. Kuhusu malazi, tafuta kibao cha Accueil Vélo. Nyumba zenye alama hiyo haziko mbali na njia, hazizidi kilomita tano, na zina mahali pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo.

Kasri la Azay-le-Rideau liko pembeni kidogo, kwenye kisiwa cha mto Indre. Lina wapenzi wake. Mimi mara nyingi napita. Ussé nalo ni jeupe, limejaa minara yenye ncha, mgongoni mwake kuna msitu, na wenyeji husema ndilo lililozaa hadithi ya binti mfalme aliyelala usingizi wa miaka mia. Ninalopenda pale ni jinsi unavyoliona ukiwa darajani, kabla ya kulifikia, kuta zake zikibadilika rangi kulingana na mawingu. Tufo halina rangi moja. Asubuhi ni la kijivu, mchana jeupe la kuumiza macho, jioni kama asali.

Kutoka pale hadi Chinon kuna kitu ambacho hakimo kwenye vipeperushi vya utalii: mvuke wa kinu cha nyuklia cha Avoine. Mtambo wa kwanza wa pale ulianza kutoa umeme mwaka 1963, ndani ya tufe kubwa la chuma ambalo bado linaonekana kutoka mbali. Minara ya kupoza maji ya mitambo ya sasa ilijengwa mifupi makusudi ili isiharibu sura ya bonde. Haijifichi kabisa, na sioni sababu ya kuikata kwenye picha. Loire wameutumia kila zama kwa kazi waliyokuwa nayo.

Chinon ndipo mizabibu inapoanza kukuzunguka kweli. Mji uko kando ya mto Vienne, ngome yake imelala juu ya jabali, na mapango ya mvinyo yamechimbwa ndani ya jabali hilohilo, chini ya ngome. Msingi wa mvinyo wa Chinon ni zabibu nyeusi ya Cabernet Franc, ambayo wakulima wa hapa wanaiita breton. Eneo lilipata hati ya jina lake, yaani haki ya kisheria ya kuuza mvinyo kwa jina la Chinon, mwaka 1937. Mkulima atakuonyesha tofauti kwa kidole: yale mashamba ya chini, penye kokoto za mto, yanatoa mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema, yale ya mteremkoni, penye udongo na chokaa, yanatoa mvinyo wa kuwekwa miaka. Ukiwa kwenye baiskeli tofauti hiyo unaipata kwa miguu, maana ya pili yanataka ubadilishe gia.

Nimezaliwa Dodoma, na kwa upande wa mama wengi wao wanalima zabibu Hombolo. Kwa hiyo mistari hii ya mizabibu siitazami kama pambo. Nilimrekodia mjomba video moja, nikaitembeza kamera taratibu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, nikamtumia. Alinijibu kwa sauti, jirani zake wakisikika nyuma.

"Mjomba, shamba zuri, lakini mbona nyasi hawajapalilia?"

Nikamweleza kwamba nyasi katikati ya mistari zimeachwa makusudi, zishike udongo mvua ikinyesha na trekta ipate pa kukanyaga. Akauliza kuhusu waridi niliyoionyesha mwishoni mwa mstari. Hiyo ni desturi ya zamani: ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga huwahi kuonekana kwenye waridi, basi mkulima akiuona pale anajua dawa imefika wakati. Hilo lilimfurahisha mno, akalirudia kwa wale waliokuwa naye. Kisha akauliza swali ambalo ndilo la mkulima hasa.

"Wanavuna mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja, mjomba. Septemba, mpaka Oktoba."

"Mara moja tu! Sasa hao wakipata hasara wanasubiri mwaka mzima?"

Ndivyo ilivyo. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kisu cha kupogolea, na anapata misimu miwili. Huku mti unalala wenyewe kipindi chote cha baridi, na hatari kubwa ni barafu ya Aprili, machipukizi yakiwa yametoka. Usiku kama huo wakulima wanakesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari, au wanawasha minara yenye pangaboi inayoisukuma hewa ya juu iliyo na joto kidogo irudi chini. Aprili 2021 barafu iliteketeza machipukizi karibu nchi nzima. Minara ile, yenye mabawa mawili, utaiona imesimama kimya mashambani kuelekea Bourgueil na kwingine. Nilipomwambia mjomba kwamba sheria za mvinyo wenye hati ya eneo zinabana sana umwagiliaji, akanyamaza kidogo, akasema basi hao watu ni wavumilivu.

Jambo lililomgusa zaidi ni Chenin Blanc. Zabibu nyeupe ya Dodoma anayoijua yeye, inayolimwa pamoja na Makutupora nyekundu, kwao ni hapa, kwenye bonde hili la Loire. Vouvray na Montlouis, upande wa mashariki wa Tours, wanaitumia hiyo kwa mvinyo wao mweupe, na Saumur pia. Nilipokutana na mistari ya Chenin juu ya jabali la Montsoreau nilisimama nikalishika jani. Lina sura ileile, na meno yaleyale.

Kuhusu kuonja: ingia, uliza, onja, tema kwenye ndoo iliyowekwa. Hakuna anayekushangaa. Kiwango cha pombe kinachomhukumu dereva wa gari, nusu gramu kwa lita ya damu, kinamhusu na mwendesha baiskeli. Rafiki zangu Waislamu niliowahi kuwapitisha huku hawakuonja, wakapewa maji ya zabibu yasiyochachushwa, na walizungumza na mkulima muda mrefu kuliko wengine wote kwa sababu walikuwa na maswali.

Mfalme Henry II wa Uingereza, ambaye kabla ya ufalme alikuwa bwana wa Anjou, alifia Chinon tarehe 6 Julai 1189, ameshindwa vitani na mwanawe Richard aliyejiunga na mfalme wa Ufaransa. Mwili wake ulipelekwa Fontevraud, na mwendo huo ndio tunaounyonga sisi: kando ya Vienne mpaka Candes-Saint-Martin, kisha unapanda kilima taratibu hadi abasia. Ni saa moja na nusu bila kujichosha. Ndani ya kanisa la abasia, kubwa na tupu, sanamu nne zimelala sakafuni. Henry. Richard, aliyekufa 1199, yuleyule aliyempiga vita baba yake. Isabella wa Angoulême, mke wa mfalme John, mdogo wake Richard. Na Eleanor wa Aquitaine, mke wa Henry na mama wa Richard, aliyefariki 1204. Wanaume wamelala kama maiti. Eleanor ameshika kitabu kilichofunguliwa, anasoma. Ya Isabella ni ya mti. Nyingine tatu ni za tufo, na rangi za kale bado zimeshika kwenye mikunjo ya nguo. Nilikaa pale muda mrefu nikiitazama mikono ya Eleanor. Jiwe hilihili linalopukutika unga kwenye kona za mazizi limebeba kucha zake kwa zaidi ya miaka mia nane.

Abasia hiyo iliasisiwa 1101, ikaongozwa na wanawake, watawa wa kiume wakiwa chini ya mama mkuu. Mwaka 1804 Napoleon akaigeuza jela, nayo ikabaki jela hadi 1963. Nikiwa pale huwaza ni wangapi wamefungwa katika majengo haya mazuri. Viongozi wa Templa, shirika la watawa wapiganaji, walizuiliwa katika mnara mmoja wa ngome ya Chinon mwaka 1308. Na Amboise, kilomita ishirini na kitu mashariki ya Tours, kasri lile lile ambalo Leonardo da Vinci amezikwa katika kanisa lake dogo, ndiko alikozuiliwa Emiri Abdelkader wa Algeria, aliyeongoza vita dhidi ya uvamizi wa Wafaransa, kuanzia 1848 hadi 1852, baada ya kujisalimisha kwa ahadi ambayo Ufaransa haikuitimiza. Alikuwa na familia na wafuasi wake, na ishirini na watano kati yao walifia pale. Makaburi yao yako bustanini, yanaelekea Makka. Mwafrika anayepita huku kwa baiskeli aende pale kwanza, kabla ya kwenda kwenye vyumba vya wafalme. Nami hufanya hivyo.

Candes ni kijiji kidogo penye makutano ya Vienne na Loire. Ukisimama juu unaona maji ya rangi mbili yakienda sambamba kabla hayajachanganyika. Mtakatifu Martin, askofu wa Tours, alifia hapo mwaka 397. Wakulima wa zabibu wana hadithi yake. Wanasema punda wake aliachwa bila kufungwa vizuri, akala matawi ya mizabibu ya watawa, wakasikitika. Mwaka uliofuata miti aliyoitafuna ndiyo iliyozaa kuliko yote. Tangu hapo, wanasema, watu wakaanza kupogoa. Mjomba alipoisikia hadithi hiyo alisema mbuzi wa Hombolo wamefanya kazi hiyo miaka yote na hawajapewa utakatifu.

Kuanzia Montsoreau mpaka Saumur ndio moyo wa jambo ninalolieleza. Jabali linasogea mpaka barabarani. Upande wako wa kulia mto, upande wa kushoto ukuta mweupe wenye milango, madirisha, mapazia, chungu cha maua: nyumba zilizochimbwa ndani ya mwamba. Madohani yanatokeza juu, kati ya mizabibu. Ndiyo, moshi wa jiko la mtu unatoka shambani. Turquant mapango wanayatumia kwa matufaha, yanayokaushwa polepole kwenye tanuri kisha kugongwa kwa nyundo ya mti yawe bapa. Zamani mabaharia waliyachukua safarini. Mengine yanalimiwa uyoga, maana joto ndani ni takriban nyuzi 12 majira yote. Mengine yana chupa.

Souzay, njia yenyewe inaingia ndani ya mwamba. Unafuata kibao cha kijani cha baiskeli kama kawaida na ghafla juu yako hakuna anga. Ni mtaa wa zamani uliochimbwa chini ya kilima. Shuka, usikokote gia, sukuma. Jasho linapoa mgongoni mara moja. Kuta zina mikwaruzo ya vifaa vya wachimbaji, safu kwa safu, na ukitazama vizuri unaona ukubwa wa mawe yaliyotolewa, kwa sababu nafasi zake zimebaki. Nilipima moja kwa mkono, dhiraa moja na kitu. Kisha nikafika Saumur nikapima jiwe la ukuta wa nyumba ya barabarani. Halikupishana sana. Kule ndani pengo, huku nje jiwe, na katikati baiskeli ya dakika ishirini.

Hakuna kinachotolewa kilimani bila gharama. Ukichimba sana chini, juu panatikisika, na wenye mapango hulazimika kukagua dari zao. Ngome ya Saumur, inayoonekana kutoka mbali ukiwa kwenye tuta, ilipoteza sehemu ya boma lake mwaka 2001: ukuta uliporomoka juu ya nyumba zilizo chini yake, na ukarabati ukachukua miaka. Jiwe linalokunywa maji linachoka. Katika mji mzima utaona kuta zenye mabaka, kipande kipya cheupe kando ya vikongwe vya kijivu.

Nilimkuta fundi mmoja akibadilisha mawe kwenye nyumba karibu na mto. Alikuwa na msumeno wa meno makubwa na kifaa cha kukwangua kinachofanana na randa ya seremala. Nikamsalimu, nikaegemeza baiskeli, nikamuuliza kwa nini kila jiwe jipya amelichora mshale kwa penseli. Akasema ule ni upande uliokuwa juu lilipokuwa ardhini. Tufo limejipanga tabaka kwa tabaka. Ukilijenga kwa ubavu, maji yanaingia kati ya tabaka, baridi ikija linapasuka na kumenyeka. Lazima likae ukutani vilevile lilivyokuwa limekaa chini ya shamba. Akalinyanyua lililokuwa zamu yake, akaangalia mshale, akaligeuza, akalisukuma mahali pake.